Mkanda wa Shibiri Tano

Mikono yangu ni mikubwa. Naanza na hilo kwa sababu kisa hiki chote kimetoka hapo, na pia kwa sababu nimechoka na watu wanaoitazama halafu wakajifanya walikuwa wanatazama saa. Shuleni niliwekwa kulinda goli kwenye netiboli bila kuulizwa kama naupenda mchezo. Mama alininunulia glavu za wanaume msimu wa baridi na kuniambia ndizo zilizobaki dukani. Nilijifunza mapema kukunja ngumi nikipigwa picha, na ndiyo maana katika picha zote za ujana wangu naonekana kama mtu anayetafuta ugomvi. Mara nyingi nilikuwa nautafuta kweli.

Mahali pa kwanza mikono hiyo iliponifaa ni kwenye karakana ya matandiko ya farasi, katika mji mmoja mdogo chini ya Mlima Kenya. Wenye mashamba makubwa walituletea hatamu zilizokatika, wakaagiza mikanda ya mbwa, na mara mojamoja ala ya bastola. Nilikaa pale miaka saba. Karakana ilipofungwa nilifanya walichofanya wengi wa rika langu: nikamtafuta ajenti, nikapanda ndege, nikawa askari wa mlangoni kwenye duka kubwa la Dubai. Kampuni ilitulaza kwenye mabweni ya Muhaisnah, ikatupeleka kazini kwa basi na kuturudisha kwa basi, na kati ya basi na basi nilisimama siku nzima nikiwaonyesha watu choo kilipo. Watu sikuwachukia. Nilichukia kusimama bila kitu mkononi.

Mzee alinipata kwa sababu ya mkanda. Ule wa sare ulikuwa wa plastiki, ulipasuka wiki ya pili, nikajishonea mwingine wa ngozi kwa mkono, sindano mbili kwa uzi mmoja, kama nilivyofundishwa. Siku moja mzee mwenye kofia ya viua, aliyekuwa akimsubiri mkewe atoke dukani, aliinama akautazama mkanda ule kwa muda mrefu mno. Nikamuuliza kwa Kiswahili, bila kujua kama anakijua, amepoteza nini kiunoni mwangu.

"Naangalia mshono, mwanangu," akajibu kwa Kiunguja kitupu. "Nani kakushonea?"

"Nimejishonea."

"Kwa mashine?"

"Mzee, hii ni mashine?" Nikamwonyesha mkono wangu. Hilo sikuwa na kawaida ya kulifanya.

Watu wake walitoka Unguja zamani, yeye akiwa bado mtoto. Alikuwa na karakana ndogo mtaa wa Naif, ghorofani, juu ya duka la masanduku ya safari, na ngazini ilibidi upishane na wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba waliobeba mabunda yao. Alitengeneza viatu vya ngozi, hatamu za ngamia, na mikanda ya majambia. Nilianza kwenda siku zangu za mapumziko, kukaa tu na kunusa ngozi. Baadaye akanipa msharasi wa kutobolea, akasema mtu mzima hakai bure.

Mkataba wangu wa uaskari ulikuwa unakwisha. Ukishakwisha, nilikuwa na mwezi mmoja wa kupata mwajiri mwingine, la sivyo nirudi nyumbani. Mzee alikuwa na nafasi moja ya viza, ila kafili wake, mwenye leseni ya karakana, hakutaka kuitoa kwa mtu ambaye hajaiona kazi yake. Tena mwanamke.

"Fanya kazi moja ya maana," Mzee akaniambia. "Moja tu, niende nayo nikamwoneshe. Ikiharibika, mwanangu, sina la kumwambia."

Nilimjibu kwamba haitaharibika. Siku hizo nilikuwa na majibu ya namna hiyo.

Kazi yenyewe ililetwa na simu. Bibi mmoja wa mtaa wa Al Twar, mzaliwa wa Unguja naye, mteja wa Mzee wa miaka mingi, alikuwa anamwoza mjukuu wake. Mumewe alikuwa askari wa mpakani enzi za ujana wake, na alibaki na bastola yake ya zamani, ile yenye kikapu cha risasi cha kuzunguka. Polisi walikwisha kuiziba mdomo miaka mingi nyuma, haipigi hata inzi, lakini alikuwa anaipenda kuliko meno yake. Alitaka kuivaa siku ya harusi akicheza razha, ile ngoma ya wanaume wanaosimama safu mbili wakitazamana. Mkanda wake wa zamani ulikuwa umekauka na kukatika vipande. Bibi alitaka kumpa mpya bila yeye kujua, wa kumfanya kila mzee kwenye safu ya pili amwonee wivu.

"Utie njumu," akasema kwenye simu, na Mzee akanisogezea nami nisikie. "Ngozi za ajabuajabu. Asiwe nao mtu."

"Na kiuno chake, Bi mkubwa?"

"Shibiri tano, juu ya kanzu. Nimempima mwenyewe."

"Huna futi ya kushonea?"

"Ninayo. Nikimzungushia futi ataniuliza kuna nini. Mkono hauulizwi."

Bastola nayo isingeweza kutoka nyumbani kwake, na Mzee asingekubali iingie kwetu hata kwa dawa. Kwa hiyo bibi aliilaza juu ya karatasi ya khaki, akaichora ukingoni kwa wanja, akafunga uzi kuzunguka unene wake, akamtuma dereva. Karatasi ilifika ikinukia udi. Kwa mchoro ule na uzi ule nilichonga bastola ya mti, nikaipiga msasa mpaka ikateleza. Mzee aliifungia kwenye kabati kila jioni na ufunguo akaondoka nao, asije mtu kuniona nayo dirishani tukalala ndani sote wawili.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Asubuhi ya kukata mkanda, Mzee alitandaza ngozi ya ng'ombe mezani, nene, ya rangi ya kahawa, isiyo na kovu hata moja. Akanyoosha mkono wake apime shibiri ya kwanza. Nikamzuia.

"Mzee, si aliyepima ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Basi hapa mwanamke ni nani?"

Nikautandaza mkono wangu juu ya ngozi, kidole gumba huku, kidole cha mwisho kule. Mzee akautazama. Akakohoa. Akatazama mkono wake mwenyewe, ambao sasa najua ulikuwa mdogo kuliko wangu, akaurudisha mfukoni taratibu.

"Una hakika, mwanangu?"

"Mzee, nimeshona miaka saba. Mkono wa mwanamke naujua."

Alikuwa mtu wa adabu za kwao, na kwa adabu zile huwezi kumwambia binti wa watu usoni kwamba mkono wake si wa kupimia vya wanawake wenzake. Ningekuwa mwanamume angenipiga kofi la mgongo na kunitania. Kwangu alikwenda kuchemsha chai. Nami nikapima: moja, mbili, tatu, nne, tano, nikaongeza nyongeza ya kufungia, nikakata. Nilikuwa nimefurahi sana.

Njumu, yale mapambo ya kupachika, ilinichukua siku nane. Kwa kila shibiri nilikata kidirisha kimoja cha pembe nne kwenye ngozi ya juu, vidirisha vitano kwa jumla, na chini ya kila kimoja nikapachika ngozi ya samaki taa, nyeusi, iliyojaa punje ndogo ngumu zinazong'aa kama mchele uliolowa. Mzee aliponiona naishangaa alicheka, akasema kwao Unguja mafundi walisugulia mbao kwa ngozi hiyohiyo, na leo matajiri wanaivaa. Ilinivunjia sindano kumi na moja. Ilibidi nizisage punje za kingoni moja moja mpaka zilale, ndipo uzi upite. Kati ya kidirisha na kidirisha nikalaza utepe wa ngozi ya mguu wa mbuni, ile yenye magamba makubwa, nikaizungushia mshono mweupe uliotiwa nta.

Ala ndiyo iliyonipa raha kuliko vyote. Niliiloweka ngozi kwenye maji ya uvuguvugu, nikaifunika juu ya bastola ya mti, nikaibana kwa vidole mpaka kila mkunjo wa bastola ukajitokeza juu. Hapo hakuna chombo kinachoshinda mkono mpana. Katikati ya ala nikaweka ngozi ya mgongo wa taa, pale penye punje nyeupe kubwa ambazo Mzee aliziita jicho, na kila samaki anazo mahali pamoja tu. Ilipokauka, bastola ya mti iliingia na kukaa kimya, ukiipindua chini haianguki. Mzee aliipindua mara tatu. Kisha akaniita fundi, mara ya kwanza, na nikajifanya sikusikia ili aseme tena.

Bibi alikuja kuutazama Jumatano, siku mbili kabla ya harusi. Alipanda ngazi akipumzika kila daraja la tatu, bibi mdogo wa umbo, buibui jeusi, miwani ya dhahabu. Alipouona mezani akausogelea. Akapitisha kidole juu ya taa, akagusa jicho la ala, akasema mashaallah polepole. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza nimekunja ngumi, kama kwenye picha.

Kisha akanyoosha mkono wake, akaanza kupima.

"Moja. Mbili. Tatu." Alipima bila haraka. "Nne. Tano." Mkanda ulikuwa bado unaendelea. "Sita." Na kabla ya kufika kwenye bizimu bado kilibaki kipande cha vidole vitatu. Akavua miwani.

"Huu wa mume wangu," akauliza, "au wa ngamia wake?"

Mzee alikuwa ameshageukia chai. Nilisema, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyotaka, kwamba nimepima shibiri tano sawasawa, kwa mkono huu hapa. Nikauinua.

Bibi akautazama. Hakujifanya anatazama saa. Akaja upande wangu wa meza, akaushika mkono wangu kwa kifundo, akaubandika wake juu yake, kiganja kwa kiganja. Ncha za vidole vyake ziliishia kwenye pingili yangu ya juu. Hina yake ilikuwa bado mbichi rangi. Tukaitazama ile mikono sote wawili.

"Subhanallah," akasema. "Na huyu mzee alikuacha ukate?"

"Nilimuuliza kama ana hakika," Mzee akasema kutoka kwenye birika.

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi aketi kwenye kigoda, na Mzee akacheka, na mimi nilitamani kushuka ngazi zile mpaka Muhaisnah kwa miguu. Niliona aibu, na aibu kwangu hutoka kama hasira. Nikasema nitaacha kazi. Nikasema pia kwamba kazi yenyewe sijapewa, kwa hiyo hata kuacha siwezi. Hilo likawachekesha zaidi.

"Kaa, binti," bibi akasema akijifuta macho. "Mkanda mzuri. Umezidi tu. Kukata si shida."

Kukata ilikuwa shida. Ukikata mwishoni, unapoteza kidirisha na tundu za bizimu, na ala haikai tena nyongani, inarudi mgongoni. Mzee alijua. Nilimwambia bibi atuachie mpaka kesho saa kumi, akasema inshallah, akashuka. Mlangoni aligeuka akautazama tena mkono wangu, akatikisa kichwa akitabasamu.

Nilikaa na mkanda ule saa nzima nzima bila kuugusa. Mkataba ulikuwa umeshakwisha, na mwezi wangu ulikuwa umebakiza siku tisa. Nilijiona tayari uwanja wa ndege na begi langu, nikiwaeleza watu nyumbani kwamba nimerudishwa na mkono wangu mwenyewe. Mzee aliweka chai mbele yangu, ikapoa, akaweka nyingine.

Alasiri nikaupima tena. Umezidi kwa shibiri moja na kidogo, kwa mkono wa bibi. Kwa mkono wangu, umezidi kwa shibiri moja, kasoro upana wa kidole kimoja. Na mimi niliweka kidirisha kimoja kwa kila shibiri yangu. Nikiitoa shibiri moja nzima, na kidirisha chake, vinne vilivyobaki vitakaa mbali kwa mbali vilevile, na kidole kile kimoja tundu la bizimu litakimeza. Iliyobaki ilikuwa ni kuficha kiungo, na mahali pa kufichia palikuwepo tangu mwanzo, kwa kuwa mkanda hupita ndani ya kitanzi cha ala.

"Mzee," nikasema, "nikikata hapa, ala haitatoka tena maisha yake yote."

Akasogea akaangalia. "Atavaa upande wa kulia mpaka afe. Ndivyo alivyovaa siku zote. Kata."

Nilikata. Kwa mpigo mmoja, na najivunia hilo mpaka leo. Nikazichonga ncha mbili kwa mshazari mpaka zikawa nyembamba kama karatasi ya chapati, nikazilaza moja juu ya nyingine, gundi, nyundo, halafu mshono wa safu nne. Nikarudisha ala juu yake na kuishona kabisa. Ukipitisha kidole husikii kitu. Ukitaka kukipata kiungo itabidi ukijue.

Kile kipande kilichotoka kilibaki mezani, shibiri moja yangu, kidirisha kimoja katikati. Mzee alikichukua akakigeuza upande wa kisu, pale unapoona matabaka yote: ngozi ya juu, taa chini yake, bitana, na uzi ukipita katikati ya vyote bila kupinda. Akakiangalia dirishani. Akakitia kwenye mfuko wa kanzu yake, akatoka. Nilidhani anakwenda kukitupa, nisikione.

Kesho yake saa kumi tulikwenda Al Twar wenyewe, kwa gari la Mzee lisilopoza hewa. Mkanda niliupakata umevingirishwa kwenye kanga, ala ikiwa tupu, bastola ya mti ikiwa kabatini. Babu alikuwa amekaa uani, kwenye kivuli cha ukuta, mrefu, mwembamba, ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri. Bibi alichukua kanga, akamwekea mapajani, akamwambia aifungue.

Aliufungua mkanda polepole. Akagusa taa. Akagusa jicho. Kisha akainuka, akajizungushia juu ya kanzu, akafunga. Bizimu iliingia tundu la tatu, la katikati kabisa. Bibi akaniangalia, nami nikaangalia chini ili nisionekane ninavyofurahi. Babu akaletewa bastola yake, akaitia kwenye ala, ikakaa kimya. Akatembea mpaka mwisho wa ua na kurudi, mgongo umenyooka, na akiwa njiani kurudi alipiga hatua mbili za razha ambazo hakuna aliyemwomba.

Kisha akasimama.

"Nani kanipima?" akauliza. "Mimi sijapimwa."

"Mimi," bibi akasema. "Jumanne ile. Ulipojilaza baada ya chakula, nikaja nikakukumbatia."

Babu alimtazama mkewe. Hakutabasamu.

"Ile ilikuwa kunipima?"

"Ulidhani nini?"

"Mara ya mwisho kunikumbatia mchana ni lini, mke wangu? Nilidhani daktari kakwambia kitu, mmenificha." Akaketi. "Siku tatu sikulala. Nimeandika wosia."

Hakuna aliyejua la kufanya na uso wake. Mzee alikohoa kile kikohozi chake. Bibi alisimama na kanga mkononi, mdomo wazi. Nilimwonea huruma, na babu nilimwonea huruma zaidi, na papo hapo nilikuwa nauma midomo nisicheke, kwa sababu nilijua ni mkono wa nani uliofuata baada ya ule wa bibi kuharibu hesabu.

Babu akapapasa mkanda tena, kidole kikipita kidirisha kwa kidirisha mpaka kwenye ala. Akaniangalia.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, babu."

"Nataka na mwingine. Wa kuvaa begani, wa risasi. Njumu hizihizi."

"Lakini harusi ni kesho," bibi akasema.

"Sikusema wa kesho." Akainuka, akafungua mikono kidogo pande mbili, kama mtu anayesimama kwa fundi cherehani, akamwambia mkewe, "Nipime."

Bibi akatutazama sisi, akatazama ua mzima mchana kweupe. Kisha akamwendea, akapitisha mikono kifuani mwake hadi mgongoni, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Alihesabu polepole sana. Alipofika nne babu akamwambia amekosea, aanze upya. Akaanza upya.

Nilitoa daftari langu kugeuzia macho mahali pengine. Mzee alikuwa kando yangu, naye akitazama ukuta.

"Kile kipande nilimpelekea kafili, kakitaka, hakukirudisha," akaninong'oneza. "Kesho uje na pasipoti."

Nikafungua ukurasa mpya, na bibi alipomaliza, mara ya tatu, akanitajia hesabu akiwa bado hajamwachia mumewe. Nikaandika: shibiri saba, mkono wa bibi.